Mvua ikikatisha kazi, siku ilipwe



Mwezi wa kenda umefika. Huku kwetu Kivu kila mtu anajua maana yake: majembe yametoka nje, mbegu za maharage zimechaguliwa, na macho yako juu ya mawingu. Kilimo A kimeanza. Tangu sasa mpaka karibu na Noeli, koperative zetu zitachukua watu wengi wa kazi ya siku: wa kulima, wa kupanda, wa kupalia, wa kupiga dawa, wa kubeba. Katika gazeti hili tumezoea kuongea juu ya mbegu, mistari na mbolea. Leo naomba tuongee juu ya wale watu wenyewe, namna ya kuwalinda wakati huu wa mvua. Na ninaomba tuanzie kwenye kitu ambacho pengine hamkukitazamia: daftari la malipo.

Nasema wazi tangu mwanzo. Kinachowaweka watu wetu katika hatari wakati wa mvua si ujinga wao. Si ukosefu wa bote na makoti tu. Kwa sehemu kubwa ni namna tunavyowalipa. Nilijifunza hivyo kwa njia mbaya, na nitawaeleza.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafuata kazi za koperative moja huku milimani. Sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake. Langu pia lilikuwa ndani. Ilikuwa siku ya posho, mwezi wa kumi. Tulikuwa na watu kumi na wawili, wamama wanane na vijana wanne, wanapanda maharage kwa mistari kwenye shamba lililo juu kabisa ya kilima. Walikuwa wanalipwa kwa kipande: umemaliza kipande chako, unapata pesa yako ya siku. Hukumaliza, unapata nusu, hata kama kilichokuzuia ni mvua.

Kama saa saba za mchana wingu jeusi lilitokea, na ngurumo zikaanza kusikika mbali. Mama mmoja akasimama, akaweka mkono kiunoni, akaniangalia. Mimi ndiye nilikuwa na saa mkononi na kofia ya mradi kichwani. Nikamwambia: "Mama, imebaki mistari miwili tu. Mumalize, halafu mutashuka." Akacheka kidogo, akajibu: "Sawa, Agronomu. Hata sisi, tukitoka sasa, ile pesa inakufa." Akainama tena, na wenzake wakainama.

Mvua ilishuka kabla ya ile mistari kwisha. Tukakimbia kila mtu upande wake. Mimi na kapita tuliingia katika nyumba iliyokuwa chini, karibu na barabara. Watu saba walikimbilia mkaratusi mkubwa uliokuwa pembeni ya shamba. Baadaye niliwauliza waliopona kwa nini hawakushuka na sisi. Walinijibu kwamba walitaka kubaki karibu na vipande vyao, ili mvua ikikatika waanze mbio kabla ya giza. Radi ilipiga ule mti. Vijana wawili walilazwa kwenye kituo cha afya kwa siku nyingi. Yule mama aliyesimama akaniangalia hakuamka tena.

Wiki iliyofuata nilifungua daftari la malipo. Mbele ya jina lake kapita alikuwa ameandika: nusu kipande.

Kijijini hakuna aliyeuliza ni nani aliyewapa watu kazi ya kipande siku ya ngurumo. Waliuliza ni nani aliyetuma radi. Wakamkuta: mzee mmoja, jirani wa marehemu, waliyekuwa wanagombana juu ya mpaka wa shamba. Yule mzee alihama usiku, na nyumba yake ikabaki tupu. Na sisi wa koperative, na sisi wa mradi, tulinyamaza. Siwezi kusema kwamba hatukujua la kusema. Tulinyamaza kwa sababu maneno yale juu ya mzee yalikuwa yanatusaidia.

Siko hapa kubishana na imani ya mtu. Lakini kuna hesabu ambayo kila mwanachama anapaswa kuijua. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa matokeo ya miaka 16 ya kuhesabu radi kwa chombo kilichofungwa kwenye satelaiti. Fasi ya kwanza duniani kwa radi ni ziwa Maracaibo, huko Venezuela. Ya pili ni Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini: zaidi ya mimweko 200 ya radi kwa kila kilomita moja ya mraba, kila mwaka. Katika fasi kumi za kwanza za dunia nzima, tano ni za Kongo: Kabare, Kampene, Sake, Butembo na Boende. Ni kweli kwamba mimweko mingi inaishia juu mawinguni bila kugusa udongo. Lakini inayoshuka inatosha kabisa. Basi najiuliza: huyo mzee mmoja angeamka saa ngapi ili atume zote hizo? Radi nyingi huku kwetu zinatokana na milima, maziwa, joto na unyevu wa hewa. Hiyo hatuwezi kuibadilisha. Tunachoweza kubadilisha ni fasi ambapo watu wetu wanakutwa nayo.

Na tusifikiri ni radi tu. Angalieni hatari zingine za majira haya, mutaona kwamba daftari lile lile liko nyuma yake.

Angalieni mpiga dawa. Mvua nyingi inaleta ugonjwa wa majani kwenye viazi vya kizungu na nyanya, na tunapiga dawa mara kwa mara. Katika koperative nyingi kijana anayepiga dawa analipwa kwa idadi ya pompi. Kwa hiyo anakimbia. Upepo ukigeuka na kumrudishia dawa usoni, hasimami. Pompi ikivuja mgongoni, hasimami kuitengeneza. Saa ya kula ikifika, anapangusa mikono kwenye suruali na kushika muhogo, kwa sababu maji yako mbali chini bondeni na kila pompi ni pesa. Tunamwambia "vaa glovu" na huku bei tunayompa inamwambia "kimbia". Bila shaka atasikiliza bei.

Angalieni mbebaji. Njia za milima yetu zikilowa zinakuwa sabuni. Mama anayelipwa kwa gunia atabeba kilo nyingi kuliko mgongo wake unavyoweza, na atapita kwenye njia ya mkato yenye mteremko mkali ili afanye safari moja zaidi. Akianguka na kuvunjika mguu, safari ile haihesabiwi, kwa sababu gunia halikufika.

Angalieni pia wale wanaovuka mto kwenda shambani. Sote tunakumbuka mwezi wa tano wa mwaka 2023 katika Kalehe, pale mvua ilipofurisha mito na kuangusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Tangu siku ile hakuna mtu wa Kivu anayeweza kusema kwamba maji ni maji tu. Lakini mtu akijua kwamba akifika amechelewa amepoteza siku, atavuka mto mwekundu asubuhi, huku anaomba Mungu.

Sisi wa miradi pia tujikosoe. Tunagawa bote na makoti ya mvua yenye alama yetu, tunapiga picha, tunaandika ripoti kwamba wafanyakazi wamelindwa. Bote ni nzuri, zinasaidia dhidi ya nyoka na utelezi, sizikatai. Lakini koti la mvua halizuii radi. Na mimi nisiyelala njaa nikikosa siku moja, ndiye ninayekuja na kalenda ya mradi na kusema kwamba upandaji lazima ukwishe kabla ya tarehe fulani. Kalenda ile ina uzito juu ya migongo ya watu.

Ninapendekeza nini? Mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, na ndilo kubwa: mvua au ngurumo ikikatisha kazi, siku ihesabiwe. Mtu aliyefika asubuhi na kufanya kazi mpaka kazi iliposimamishwa apate pesa yake ya siku nzima. Iandikwe kwenye kanuni za ndani za koperative, isomwe mbele ya watu asubuhi ya kwanza ya kazi, kwa lugha ya nyumbani. Bila hilo, haya mengine manne yatabaki karatasi.

La pili, tubadilishe saa. Kwenye milima yetu mawingu makubwa yanajengeka jua likishapasha udongo, na ngurumo nyingi zinakuja mchana na jioni. Kwa nini basi tunakusanya watu saa mbili, tunaanza saa tatu, na kuwabakiza shambani mpaka saa kumi? Tuanze saa kumi na mbili asubuhi, mwangaza ukitoka, tumalize saa sita. Kazi ni ile ile. Mashamba yaliyo juu ya kilima yafanywe kwanza, asubuhi. Yale ya chini karibu na nyumba yafuate.

La tatu, filimbi. Kila kundi lichague mtu mmoja wa kushika filimbi, na asiwe kapita wala agronomu. Awe mmoja wa wale wanaoinama. Kanuni yake ni rahisi: ukiona mwanga wa radi, hesabu polepole moja, mbili, tatu. Sauti inatembea kilomita moja kwa karibu sekunde tatu. Ngurumo ikifika kabla ya kuhesabu 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, na inaweza kupiga hapo ulipo hata kama mvua bado haijaanza. Filimbi inalia, majembe yanawekwa chini, watu wanashuka. Hakuna anayerudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Filimbi hiyo hiyo itumike tukiona udongo umeanza kupasuka mteremkoni, miti imeinama au kijito kimegeuka tope ghafula.

La nne, kila shamba liwe na fasi ya kukimbilia inayojulikana kabla ya kazi kuanza. Isiwe mti, hata kama ni mmoja mzuri wenye kivuli. Isiwe hangari iliyo wazi pande zote. Gari lililofungwa ni zuri likiwapo. Nyumba yenye kuta na paa ni bora kuliko mti, ingawa bila paratoneri si kinga kamili, kwa hiyo ukiwa ndani kaa mbali na mlango, kuta, nguzo za chuma na nyaya za sola. Radi ikiwakuta njiani, shukeni kutoka juu ya kilima, wekeni majembe chini badala ya kuyabeba begani, na muachane hatua nyingi kati ya mtu na mtu, ili mmoja akipigwa wengine wabaki wa kumsaidia. Na jambo hili lisemwe kila siku: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, anaweza kuguswa mara moja. Kama hapumui, apuliziwe pumzi na kubonyezwa kifua, huku wengine wanatafuta njia ya kumfikisha kwenye kituo cha afya. Si kila aliyeanguka amekufa. Katika fasi nyingi watu wanapotea kwa sababu wenzao waliogopa kuwagusa.

La tano, mpiga dawa alipwe kwa siku, si kwa pompi. Maji na sabuni viwe pembeni ya shamba kabla pompi ya kwanza haijajazwa. Asipige dawa upepo ukiwa mkali au mvua ikiwa karibu, na siku hiyo ahesabiwe kama wengine. Hapo koperative nayo inapata faida, kwa sababu dawa inayosombwa na mvua baada ya saa moja ni pesa iliyomwagwa mtoni.

Ninajua majibu yatakayokuja. Nimeyasikia kwenye mikutano.

Wa kwanza atasema: "Koperative yetu ni maskini, haiwezi kulipa mvua." Tufanye hesabu pamoja. Tuseme koperative inachukua watu kumi, siku inalipwa franka 4,000, na katika kilimo kizima siku nane zinakatishwa na ngurumo. Kwa kuwa tumeanza mapema, kila mara tunapoteza robo ya siku tu, yaani franka 1,000 kwa mtu. Kumi mara nane mara 1,000 ni franka 80,000 kwa kilimo kizima. Mbuzi mmoja wa mkutano mkuu anaweza kupita hapo. Kila koperative iweke bei zake na siku zake katika hesabu hii, ione yenyewe. Mimi sijaona bado komite ambayo ilifanya hesabu na kupata kiasi cha kuivunja koperative.

Wa pili atasema: "Ukilipa mvua, watu watakuwa wavivu. Kila wingu wataita radi." Ndiyo maana kuna kuhesabu mpaka 30. Hata kapita anaweza kuhesabu, hata prezida. Na tukumbuke wenye hofu ya uvivu ni sisi tuliokaa chini ya mwamvuli. Watu niliofanya nao kazi miaka hii wana ugonjwa mwingine, wa kutaka kumaliza. Yule mama hakuwa mvivu. Kama angekuwa mvivu, leo angekuwa hai.

Wa tatu atasema: "Hawa si waajiriwa, ni watu wa siku tu. Hatuna deni nao." Hapo naomba komite zisome sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, ile tunayoiita Code du travail. Inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Inasema pia kwamba mtu aliyechukuliwa siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na mukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Hesabuni majina katika daftari zenu. Anayelima, anayepanda na anayepalia kwenu tangu mwezi wa kenda anaweza kufikisha siku 22 bila nyinyi kutambua. Huyo si mpita njia. Lakini hata bila sheria: wengi wa hao watu wa siku ni majirani, mashemeji, wajane wa kijiji chetu. Tunakutana nao kanisani siku ya yenga. Tunaweza kuwaangalia usoni na kusema hatuna deni?

Nina pendekezo la mwisho kwa koperative zenye MUSO. Munajua masanduku yetu: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa misaada. Watu wa siku mara nyingi si wanachama, kwa hiyo sanduku jekundu haliwahusu. Koperative iweke humo kiasi kidogo kwa ajili ya kila mtu wa siku anayefanya kazi kilimo hiki, kwa jina lake. Akiumia, gharama ya kwanza ya kituo cha afya itoke pale siku hiyo hiyo, bila kungoja mkutano wala barua kwa mradi. Vijana wale wawili wa mkaratusi, familia zao ziliuza mbuzi na mbegu za kilimo B ili kulipa matibabu. Mwezi wa pili ulipofika, mashamba yao yalibaki bila kupandwa.

Mimi mwenyewe nimebadilisha nini? Kidogo tu. Sishiki tena saa shambani, nimeiacha kwa mwenye filimbi. Kabla ya kukubali kufuata kazi za koperative, naomba kuona daftari la malipo kabla ya kuona shamba. Nikikuta neno "nusu" mbele ya jina la mtu siku ya mvua, hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Wengine wanakasirika, wanasema agronomu aongee juu ya maharage. Nawajibu kwamba maharage yanapandwa na mikono.

Ndugu wanachama, mikutano ya komite ya kuanza kilimo inafanyika majuma haya. Wekeni jambo hili kwenye ajenda, lisiwe la mwisho chini ya "mambo mengineyo". Mulete daftari mezani. Mufungue ukurasa wa mwezi wa kumi wa mwaka jana, musome majina kwa sauti, na muulize kila penye nusu: siku ile ilikuwaje? Halafu mupige kura.